Kuchagua pleya ya video ya shule: bure si ruhusa

Ilikuwa Jumatano, somo la nne, Form Two wako labu wanaangalia video ya moyo venye unasukuma damu, projekta imekubali kuwaka, mwalimu wa Bayolojia ndio anafika kwa vali za upande wa kushoto, mara kona ya chini ya skrini ikaruka tangazo la kubeti. Kubwa, na odi zake na mechi za wikendi. Darasa lote likachangamka kuliko vile lilikuwa limechangamka tangu temu ianze. Mwalimu akatafuta pa kulifunga, akabonyeza ile alama ya X, kumbe X yenyewe ni linki, ikafungua tovuti nzima kwa ukuta. Meseji niliyopata ilikuwa na maneno matatu tu: kuja labu sai.

Mimi ndio naangalia kompyuta za hiyo shule, iko huku Eastlands, Nairobi, mashine 24, zote eksi-UK, yaani mitumba ya Uingereza, tulinunua kwa jamaa mmoja wa tao akatuletea zikiwa "tayari", yaani Windows ndani, programu za ofisi ndani, pleya ndani, na sisi tukafurahi juu nani hapendi kitu tayari. Hakuna mtu aliuliza hiyo pleya ni gani na nani ametuambia tuitumie. Hiyo siku nikakaa chini nikafungua leseni yake nikasoma, na nikaona matangazo ndio ilikuwa shida ndogo, juu leseni ilisema wazi programu ni ya matumizi ya mtu binafsi, nyumbani kwake, basi. Miaka miwili, mashine 24, na ni sisi tunaadhibu watoto wakikopi insha.

Kwa hivyo hii naandikia mwalimu wa kompyuta, ama yule mtu wa IT wa shule ambaye pia ndiye fundi wa printa na ndiye anaitwa maiki ikikataa siku ya wazazi. Unataka pleya ya labu, hutaki kesi, hutaki matangazo, na bajeti ni ile unaijua.

Anza na kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi tunachanganya. Bure ni bei, leseni ni ruhusa. Programu inaweza kuwa shilingi sufuri na bado shule haijaruhusiwa kuitumia. Kenya Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inahesabu programu ya kompyuta kama kazi ya fasihi, yaani iko kwa kapu moja na kitabu, ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anasema itatumika aje. Na KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, wako na wakaguzi ambao sheria imewapa nguvu ya kuingia mahali na kuangalia. Sisemi watakuja kwenu kesho kwa sababu ya pleya, nasema ile siku mtu atauliza, jibu la "tuliipata ikiwa ndani" halitakusaidia.

Leseni nayo iko wapi? Ni ile karatasi ndefu inakuja ukiinstoli, ile kila mtu anapita mbio kama matatu imeona askari. Ukishainstoli unaweza bado kuipata kwa menyu ya msaada, mahali pa "Kuhusu", ama ndani ya folda ya programu yenyewe, ama kwa tovuti ya wenyewe. Usijaribu kusoma yote, utalala. Iko kwa Kiingereza mara nyingi, so bonyeza Ctrl+F utafute maneno kama "personal", "home", "commercial", "educational" na "organization", halafu usome sentensi nzima mahali yametokea. Unatafuta majibu ya maswali matatu: nani ameruhusiwa, wapi, na kwa mashine ngapi. Ikisema ya mtu binafsi, achana nayo, shule si mtu, shule haina sebule. Ikisema "si ya biashara" hapo ndio watu hubishana, shule ya serikali itasema sisi si biashara, shule ya kibinafsi inalipisha karo itaanza kukuna kichwa. Ushauri wangu, usibishane. Angalia kama leseni yenyewe imeeleza biashara ni nini, na kama haijaeleza ama inakuacha na shaka, waandikie wenyewe barua pepe uweke jibu, ama uchague nyingine, juu nyingine ziko na hazina hii vita.

Sasa pleya zenyewe. Kuna ile ilikuja na Windows. Hiyo leseni yake inafuata Windows, kwa hivyo kama Windows yako ni halali, pleya ni halali, na kama Windows ilifunguliwa na kale kaprogramu ka kraki kwa flashi ya fundi, basi hauna kitu halali hapo hata kimoja. Enda kwa mipangilio uangalie sehemu ya akitivesheni kabla ujisifu. Hizi mashine za eksi-UK nyingi zilikuja na Windows 10 na Microsoft waliacha kuiunga mkono tarehe 14 Oktoba 2025, hiyo ni stori ingine lakini iko njiani inakuja kwako. Pia ujue hiyo pleya ya Windows inachagua chakula: tangu Windows 8 DVD haisomi yenyewe, na video za HEVC, zile simu mpya zinarekodi, inaweza kukutuma dukani ununue kiongezi cha dola 0.99. Dola si nyingi, lakini jaribu kuelezea bursa malipo ya kadi ya senti tisini na tisa mara 24.

Kuna zile za bure zenye matangazo, hizo nimeshazisema. Hata ile leseni yake ikiruhusu shule, mimi singeweka. Mtoto hafai kuona mambo ya kubeti kwa ukuta wa darasa, na hizo programu hupenda kuja na marafiki, unainstoli moja unapata tatu na kivinjari kimebadilishwa ukurasa wa kwanza.

Kuna za kulipia, kama PowerDVD. Sina shida nazo, ukiwa na diski za Blu-ray na shule yako ina pesa, nunua, lakini nunua leseni zinazotosha idadi ya mashine, na invoisi iandikwe jina la shule, si jina la mwalimu ambaye mwaka ujao atahamishwa aende na leseni. Kusema ukweli kwa shule nyingi za Nairobi naona ni kununua nyundo ya kuvunja yai.

Kuna zilizokufa na bado ziko kwa mashine. QuickTime ya Windows, Apple waliacha kuitunza 2016. Flash Player ilifungwa mwisho wa 2020. Ukizipata, toa. Usiulize mtu, toa tu, programu haipati marekebisho ya usalama ni mlango umeachwa wazi.

Halafu kuna programu huria, zile msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, na hapa ndio mimi niliishia. VLC, mpv, MPC-HC. Hizi leseni yake, ya familia ya GPL (leseni maarufu ya programu huria), inasema kitu ambacho zile zingine zinakataa kusema: tumia kwa kazi yoyote, mahali popote, mashine zozote, kopi umpe mwenzako. Haiulizi wewe ni shule ama ni duka ama ni kanisa. Ya MPC-HC angalia tu unachukua wapi, juu timu ya kwanza iliacha kazi 2017 na inayoendelea sasa ni ya mtu mwingine aliyeibeba. mpv ni nyepesi sana lakini haina vitufe vya kutosha, mwalimu wa Historia atakulaani. Kwa labu niliweka VLC, ile ya koni ya barabarani.

Na VLC yenyewe ilitoka shuleni, hii kitu naipenda. Ilianza 1996 na wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, huko Ufaransa, walitaka kuangalia televisheni kupitia mtandao wa chuo, ikawa mradi wa wanafunzi. Sasa juu ilitengenezwa chini ya chuo, wanafunzi hawangeweza tu kuamka siku moja waseme tunaiachilia, ilibidi mkuu wa chuo akubali, na tarehe 1 Februari 2001 ndio ikatoka kwa leseni ya GPL kwa ruhusa yake. Kwa hivyo mkuu wako akiuliza hii kitu yote ya leseni inamhusu aje, mwambie kuna mkuu mwenzake wa Paris, bila yeye kukubali, pengine hatungekuwa nayo.

Na hao watu leseni hawachezi nayo. VLC ya iPhone iliondolewa kwa duka la Apple Januari 2011 juu masharti ya duka yaligongana na GPL, na aliyelalamika alikuwa mmoja wa wanaoiandika, si mtu wa nje. Ilirudi 2013 baada ya kupanga leseni upya. Kwa shule za iPad, iko huko sasa, na ya Android iko Play Store, inaingia kwa tableti za wanafunzi bila maneno.

Sasa bursa. Nilidhani nikisema bure atafurahi. Alivua miwani.

"Mwalimu, kitu ya bure sina risiti yake. Odita akija nitamwonyesha nini?"

Nikaanza kumwelezea habari ya GPL, akaniangalia tu. Akatoa kwa droo kotesheni ya mtu mwingine kabisa, ameandika "Leseni ya VLC" shilingi 1,500 kila mashine, mara 24, hiyo ni 36,000, na muhuri mzuri wa bluu. Akaniambia, "Huyu ana karatasi. Wewe una stori."

Na alikuwa sawa kwa njia yake. Kwa hivyo sikiza, huyu mwenye kotesheni anaruhusiwa kukulipisha kazi ya kuja na kuinstoli, hata GPL haikatazi mtu kulipisha kukuletea kopi, lakini leseni yenyewe hana ya kukuuzia, wenye VLC hawauzi leseni ya kuitumia. Ukiona hilo neno kwa kotesheni mwambie aandike "gharama ya kuweka programu" na bei ya kazi, utaona venye namba inashuka.

Na karatasi nilimpatia. Ukishaweka VLC kwa Windows, ingia kwa C:\Program Files\VideoLAN\VLC, utapata faili inaitwa COPYING.txt. Hiyo ndio leseni, GPL toleo la 2, iko ndani ya kila mashine, imekuwa hapo siku zote hakuna mtu hufungua. Nikaprinti, nikaprinti na ukurasa wa tovuti rasmi mahali niliipakua ukiwa na tarehe, juu yake nikaandika kwa mkono: toleo gani, nani ameiweka, lini, mashine namba 1 mpaka 24. Bursa akasoma kurasa mbili, akageuza nyuma kuona kama kuna kitu, akagonga muhuri wa kupokea, akaweka kwa faili ya mali ya shule katikati ya risiti ya rangi ya ukuta na ya viti. Hiyo faili fanya hata kama hakuna anayeuliza. Kila programu ukurasa wake. Ukihama mtu anayekuja ataelewa.

Kuipakua sasa, na hapa kuwa makini juu watu wengi ndio huangukia hapa. Pakua kwa videolan.org peke yake. Ukiitafuta kwa Google unaweza kupata tovuti za juu zimelipia tangazo, zina koni ileile, rangi ileile, na ukipakua unapata VLC na mizigo mingine ndani. Andika anwani wewe mwenyewe. Ni kama MB 40 na kitu, kwa hivyo usipakue mara 24 umalize bando ya shule, pakua mara moja mahali kuna Wi-Fi, weka kwa flashi safi, zunguka nayo.

Kabla uzunguke, hakikisha faili ni yenyewe. Tovuti inakupa namba ndefu ya SHA-256 ya kila faili, ni kama alama ya kidole ya hiyo faili. Kwa Windows fungua ile skrini nyeusi ya amri, ingia kwa folda uliweka faili, uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.exe SHA256

Itatoa herufi na namba 64. Linganisha na za kwa tovuti, zote, si tano za kwanza. Zikiwa sawa, endelea. Hata moja ikitofautiana, futa uanze upya, pengine ni mtandao ulikatika katikati ama pengine ni kitu kibaya zaidi, haijalishi ni gani. Inachukua dakika moja, mimi nilikuwa naona ni mambo ya watu wa filamu za kompyuta mpaka nikapata faili haikulingana (ilikuwa daunlodi ilikatika, lakini nilitoka jasho).

Kuinstoli mashine nyingi usibonyeze "endelea, endelea" mara 24. Kwa skrini ileile nyeusi, ukiifungua kama msimamizi, andika jina la faili halafu /S kwa herufi kubwa, inajiweka kimya bila kuuliza kitu. Na akaunti za wanafunzi ziwe za kawaida, zisiwe na uwezo wa kuinstoli, la sivyo hiyo pleya ya matangazo itarudi kabla ya lanchi. Wanafunzi wa Form Three wana njia zao.

Ukiifungua mara ya kwanza inauliza mambo ya faragha na mtandao, kuna viboksi viwili. Kile cha kutafuta habari za faili mtandaoni toa tiki, haina haja labu, na inakula bando. Cha kuangalia matoleo mapya mimi niliacha kwa mashine ya mwalimu peke yake, juu mwanafunzi akiona ujumbe wa sasisho ataubonyeza tu. Halafu kwa mipangilio zima ile ya kukumbuka video zilizochezwa karibuni, labu inatumiwa na madarasa yote, hakuna haja Form One waone listi ya Form Four. Na pleya yoyote ikikwambia kila mtoto afungue akaunti na barua pepe ndio acheze video, kataa, sheria ya kulinda data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa data ya mtoto, na wewe hutaki kukimbiza fomu 900 za wazazi kwa sababu ya video ya moyo.

Mashine zingine za zamani zitakwamakwama na video za HEVC. Si pleya, ni mashine imechoka. Usikimbilie kuweka pakiti za kodeki (vijiprogramu vya kufungua aina za video) kutoka tovuti usiyoijua, hapo ndio mashine huharibikia na leseni zake ni supu. Geuza hiyo video iwe H.264, aina ya zamani ambayo ni rahisi kwa mashine, na HandBrake, programu ya kugeuza video, nayo pia ni huria, acha igeuze usiku kama stima haitapotea.

Kitu ya mwisho kuhusu leseni, na hii mwalimu wa fasihi hakufurahia kuisikia. Leseni ya pleya si leseni ya kile unacheza. VLC itacheza hiyo DVD ya tamthilia iliyokopiwa pale River Road bila kulalamika, lakini DVD bado imeibwa, na wasanii walioiigiza ni watu wa hapahapa Nairobi, wanazunguka shule wakiigiza. Nunua yao. Video za masomo KICD, wale wa mitaala ya Kenya, wako nazo kwa Kenya Education Cloud, na za Khan Academy zina leseni ya Creative Commons ya kutumia bila biashara, ambayo nayo usome vilevile kama ulivyosoma ya pleya. Kama intaneti ya shule ni ile ya kuja na kuenda, weka Kolibri kwa mashine moja, nayo ni huria, inabeba masomo na mazoezi, zingine zinasoma kutoka kwake bila intaneti.

Na ukiwa labu Desemba peke yako, shule imefungwa, unapuliza vumbi kwa mashine, ukifungua VLC uone koni imevaa kofia nyekundu ya Krismasi, usianze kutafuta virusi kama mimi. Wanaivalisha wenyewe kila mwaka, na mwaka ukianza inatoka.